Nyumbani Thelathini, Kazini Hamsini na Moja

Mliokuwa nami wiki iliyopita mtakumbuka nilipowaacha: mimi na mama yangu tumefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, tumekalia magodoro yetu kando ya barabara, mvua inanyemelea, na gari la Daktari linasimama mbele yetu. Nanyi mlioingia leo, karibuni, msione haya. Msiba wangu hauna kiingilio.

Nitafupisha. Daktari ni bosi wangu. Ana kliniki ya urembo ghorofani, juu ya duka la viatu, na mimi nakaa mapokezi. Hatibu homa wala kikohozi. Anachoma sindano za kuondoa makunyanzi. Siku ile alitubeba sisi na magodoro yetu, akatupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, akamwambia mama yangu, "Mama, hapa ni kwako mpaka uchoke mwenyewe."

Mama alilia. Mimi nilipiga magoti kabisa, sioni aibu kusema.

Wiki haikuisha, akaja mteja mmoja mwenye wasiwasi, akauliza wanachouliza wote: "Daktari, hivi umri sahihi wa kuanza ni upi?"

Daktari akaninyooshea kidole pale kwenye kaunta. "Mwangalie yule. Mkadirie umri."

Mteja akasema ishirini na nane, ikizidi sana thelathini.

"Ana arobaini," Daktari akasema. "Alianza na ishirini na tano."

Mimi nina thelathini. Nikafungua mdomo niseme, Daktari akanitazama, nikayakumbuka magodoro, nikaufunga.

Yule mteja alichomwa siku hiyohiyo, na hapo ndipo nilipoanza kuzeeka. Akija mteja mbishi, naongezwa umri. Nilikaa arobaini kidogo, nikapanda arobaini na nne, nikatua arobaini na saba. Sasa hivi, tangu kliniki inapofunguliwa hadi inapofungwa, mimi nina hamsini na moja. Nimevalishwa miwani ya mnyororo na sketi za kuburuza. Nimepewa hata mtoto, yuko chuo kikuu, anasoma vizuri tu. Nesi, mwenzangu wa pekee pale kazini, ananiita Bibi.

"Bibi, wajukuu hawajambo?" huniuliza asubuhi.

"Hawajambo, wanasema umewasahau."

Tunacheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kazi yenyewe ngumu ilikuwa ya uso. Aliyechomwa sindano ile hakunji ndita, hata umkanyage kidole. Kwa hiyo Daktari alinisimamisha mbele ya kioo cha msalani akanifundisha: nisinyanyue nyusi, nisishangae, nisikasirike. Mteja akisema, "Hebu kunja uso tuone," nijikakamue kwa kuigiza, macho yatoke, lakini paji la uso litulie. Nikawa nashinda na uso kama sahani. Nikirudi nyumbani, kichwa kinagonga mpaka natapika.

Daktari akanionea huruma. Akanilaza kwenye kiti cha wateja, akanifunika macho kwa kitambaa cha baridi, akanichoma visindano vidogovidogo: nyuma ya shingo, pembeni ya kichwa, na mbele pale kwenye paji.

"Na huku mbele ni kwa nini?" nikauliza chini ya kitambaa.

"Ni dawa ya kichwa. Panapouma ndipo panapochomwa."

Na kweli, siku chache tu kichwa kikanyamaza. Nikamshukuru tena. Mimi kwa kushukuru sijambo. Mama yangu tu ndiye aliyenikazia macho juzi jikoni, chai imenimwagikia mkononi, akasema, "Mwanangu, siku hizi umepoa. Hata ukiungua hukunji uso."

Nikamwambia ni raha ya kupona.

Haya, sasa tuingie kwenye ya wiki hii.

Kuna kitu kimoja tu nilichokuwa nacho ambacho hakikutoka kwa Daktari, nacho ni Fundi. Ni fundi wa mafriji, kanizidi mwaka mmoja, mikono imejaa makovu ya mabati, na ukimgombeza anapiga mluzi. Tulikutana kwa jirani, friji limegoma na mimi nimeenda kuomba barafu. Kliniki hajawahi kufika, maana Daktari hataki wageni wa wafanyakazi, na habari ya hamsini na moja sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nangoja niache kazi kwanza, ndipo tuicheke wote wawili.

Fundi alishaniposa kwa mdomo wake. Alishasema tukioana mama yangu anahama nasi. Mnaelewa? Ule ulikuwa ndio mlango wangu wa kutokea. Kilichobaki ni mama yake tu, anayekaa mji mwingine, aje Jumapili kutuona. Daktari sikumwambia lolote. Nilipanga kumuaga siku moja kabla ya harusi, kwa heshima zote, na mizigo ikiwa tayari imefungwa.

Ijumaa asubuhi akaingia mama mmoja mnene, mchangamfu, anahema kwa ajili ya ngazi.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hivi hawa waliojenga ngazi hizi walitaka tufike wazima au..."

Hakumaliza. Daktari alikuwa ameshatokeza mlangoni kwake, anacheka ile sauti yake laini.

"Mama, usimsikilize huyu, anapenda utani. Wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na nane, ukinipenda."

"Basi wewe ndiye wa kumwamkia. Huyu ana hamsini na moja."

Yule mama akaweka mkoba chini. Akanizunguka upande huu, akarudi upande ule, akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Acha wewe!"

"Hamsini na moja," Daktari akasema. "Alianza na ishirini na tano."

"Mungu wangu! Nisamehe, dada yangu, nimekukosea adabu." Akanyoosha nguo yake kama mtu anayesimama mbele ya wakubwa. "Shikamoo."

Nimeitikia marahaba nyingi za uongo katika kliniki ile, lakini nyingine zilikuwa za vijana wenzangu. Hii ya mtu anayeweza kunizaa niliitoa nikiitazama kaunta.

"Marahaba," nikasema.

Daktari akamkalisha palepale mapokezi, mbele ya kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazama wakitoka.

"Kunja uso, mama. Umeona hizo ndita? Sasa, ukishachomwa, hata ukitaka kukunja hukunji. Dada yako pale, hebu kunja."

Nikajikakamua, macho yakatoka, nikatulia. Nilijisifu moyoni kwamba siku hizi inakuja bila hata kuhangaika.

"Loo!" yule mama akasema. "Hata mstari mmoja! Mimi nimechelewa, Daktari?"

"Hujachelewa. Lakini kwa nini sasa?"

"Jumapili nakwenda kwa wakwe. Kijana wangu wa kwanza amepata mchumba. Nilimzaa mwenyewe bado kabinti, na sasa watu wananiuliza kama mimi ni bibi yake. Juzi harusini kwa mpwa wangu, mpiga picha ananiambia, 'Bibi, sogea kushoto.' Nilisogea, lakini chakula hakikupita. Sitaki Jumapili niingie kwa watu, mama wa huyo binti anitazame aseme, kumbe mwenzangu ameshamaliza safari."

Nilimwonea huruma. Kwa kweli nilimpenda.

"Kijana anafanya kazi gani?" Daktari akauliza.

"Fundi wa mafriji. Mtoto mzuri, ila ukimgombeza anakupigia mluzi."

Kalamu ikaniponyoka. Nikajipa moyo: mafundi wa mafriji wapo wengi, na watu wanaopiga mluzi wapo wengi zaidi.

"Na mchumba je?"

"Huyo sijamwona hata picha. Kijana anasema, 'Mama, utamwona kwa macho yako.' Ila anafanya kazi mapokezi, hospitali sijui ipi. Anaishi na mama yake, nyuma ya nyumba ya bosi wake."

Ni mimi huyo, hakuna mwingine.

Daktari aligeuka polepole, akanitazama juu ya kichwa cha mama mkwe wangu. Aliona yote: kwamba nina mchumba, kwamba nilimficha, kwamba nilikuwa nahesabu siku za kuondoka. Kisha akatabasamu.

"Huyo mchumba ana umri gani?"

"Thelathini, kijana anasema."

"Thelathini!" Daktari akatikisa kichwa. "Huyo ameshaanza kuchelewa, mama. Mlete hapa. Mimi mwenyewe nitamshughulikia."

"Na ndivyo ninavyotaka! Iwe zawadi yangu kwake, asije akaitwa bibi kama mimi."

Nesi akaja akampaka mafuta ya ganzi kwenye paji la uso, meupe pee, akamwambia asubiri palepale mpaka ngozi ife. Daktari akaingia ndani kuandaa dawa. Tukabaki wawili, mimi nyuma ya kaunta na Mama Fundi mbele yake, uso kama mtu aliyetumbukia kwenye unga.

Akaninong'oneza. "Dada yangu, daktari ni mfanyabiashara, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Niambie ukweli. Yule binti nimlete, au thelathini ni mapema?"

Hapo mngenionea huruma. Mtu ananiuliza mimi kuhusu mimi, na ananiita dada.

"Usimlete," nikasema.

"Kwa nini?"

"Uso ni wake. Akitaka kuanza, ataanza mwenyewe siku anayotaka yeye. Na asipotaka, basi asianze."

Akarudi nyuma kidogo. "Wewe si ulianza na ishirini na tano?"

"Ndiyo... hapana. Namaanisha..."

"Ahaa! Umeshakula ukashiba, sasa unawafungia wenzio jiko. Dada, una roho mbaya hivyo na uso mzuri hivyo?"

Lakini alicheka, akanipiga begani. Ningekuwa na akili ningemwambia palepale. Nilifungua mdomo. Mlango wa Daktari ukafunguka kabla yangu.

"Mama," Daktari akasema, "kwa nini usimpige picha huyu dada, ukamtumia kijana amwonyeshe mchumba wake? Binti akimwona atakuja mbio."

"Daktari, tafadhali," nikasema.

"Ana aibu tu. Piga, mama, piga." Akaja mwenyewe akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vilikuwa vya baridi. "Hivyo hivyo. Sasa mwandikie umri."

Mama Fundi akapiga. Akaandika kwa kidole kimoja, huku anajisomea kwa sauti: "Mwanangu... mwone... huyu mama... ana hamsini na moja... hana hata kunyanzi moja. Mwonyeshe mkwe wangu." Akatuma.

Daktari akarudi ndani, kaacha mlango wazi.

Simu yangu ilikuwa juu ya kaunta. Nilitaka kuizima, lakini nilikuwa kama nimefungwa kamba. Haikupita hata dakika, ikaanza kutetemeka, na picha ya Fundi ikajaa kioo kizima, amekumbatia friji anacheka.

Mama Fundi akainama. Mafuta meupe yakadondoka tone moja juu ya kaunta.

"Dada," akasema taratibu, "huyu mbona mwanangu?"

Nikavua miwani. Nikasema, liwalo na liwe.

"Mama. Mimi ndiye mkwe wako. Nina thelathini. Hiyo hamsini na moja ni ya Daktari, ananipa anavyotaka ili wateja wakubali. Mimi sindano ya makunyanzi sijachomwa hata siku moja. Nisamehe kwa ile shikamoo."

Alinitazama sana. Kisha akaichukua simu yangu, akapokea, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu."

"Mama? Mbona simu hii unayo wewe?"

"Niko naye hapa. Anasema yeye ndiye mchumba wako. Anasema ana thelathini."

Nilingoja acheke. Fundi anacheka kila kitu, friji likimwangukia mguuni anacheka. Nilijua atacheka mpaka bisibisi imdondoke, na kicheko kile kitatutoa wote mle ndani.

Hakucheka.

"Mama," akasema, "na hiyo hamsini na moja umeitoa wapi?"

"Wameniambia hapa. Mbele yake, na yeye akaitikia shikamoo yangu."

Nikasikia mashine inanguruma nyuma yake.

"Mimi aliniambia thelathini," akasema. "Sasa mimi ningejuaje?"

Iliniuma, jamani. Mtu aliyenitazama machoni mwaka mzima anauliza angejuaje.

"Fundi, ni mimi!" nikapaza sauti. "Mimi wewe hunijui?"

"Tulieni nyote wawili," Mama Fundi akasema. Si mjinga yule mama. Akaweka simu katikati yetu, akanikabili. "Wewe unasema hujawahi kuchomwa. Daktari amesema aliyechomwa hawezi kukunja uso. Sasa kunja. Ukikunja, nitajua yeye ndiye mwongo, nakuchukua wewe na mama yako leo hii hii, Jumapili hatuingoji. Kunja nione."

Loo, nilitamani kumbusu! Jambo rahisi kama hilo. Mwaka mzima nimebana ndita zangu kama mtu aliyeficha kitu mfukoni, sasa naruhusiwa kuziachia. Na hasira nilizonazo, nilijua zitatoka za kutosha ukoo mzima.

Nikageukia kile kioo kirefu. Nikakunja uso.

Hakuna kitu.

Nikafikiri ni mazoea. Nikavuta pumzi, nikamkumbuka Daktari na vidole vyake kidevuni mwangu, nikakunja tena kwa nguvu zangu zote. Mdomo ulipinda. Mashavu yalitetemeka. Lakini juu ya macho, mwanamke wa kwenye kioo alinitazama ametulia tuli, nyusi zimelala. Nikapeleka mkono nikajipapasa. Ngozi ipo, ya moto, ni yangu. Naiamrisha, haisikii.

Ndipo nikamsikia mama yangu jikoni: hata ukiungua hukunji uso. Na baridi ya kile kitambaa machoni. Na panapouma ndipo panapochomwa.

Nikamtazama Nesi, aliyekuwa amesimama pembeni na sahani yake ya pamba. Nesi, anayenitania kila siku, akatazama viatu vyake.

"Mama, sikujua," nikasema. Machozi yakaanza kunitoka, na uso wenyewe hauna habari. "Wallahi sikujua."

Mama Fundi akachukua kitambaa, akajifuta mafuta yote kwenye paji lake, taratibu, mpaka ndita zake zikaonekana, zimekunjamana kwa uchungu. Niliziona nikazionea wivu.

"Mwanangu," akaiambia simu, "hakunji."

Fundi akaniuliza lile swali wanaloniuliza wateja wote, ambalo jibu lake nimelikariri mpaka nikilala nalisema.

"Ulianza lini?"

Nilisikia hatua nyuma yangu. Daktari alikuwa ametoka, bomba la sindano mkononi, limeshajazwa, lenye kifuniko chake cha samawati. Akasimama karibu kabisa na bega langu, akaniwekea mkono mgongoni kama mtu na mdogo wake. Hakumtazama Mama Fundi. Hakuitazama simu.

"Mama yako hajambo?" akaniuliza, kwa ile sauti yake laini. "Nimemwacha asubuhi anaanika magodoro. Nikamwambia, mama, fanya haraka, leo inaonekana mvua itanyesha."

"Hallo?" Fundi akasema. "Nimekuuliza. Ulianza lini?"

Mama Fundi akaisogeza simu mpaka karibu na mdomo wangu.